Kamera Ziko Nyingi Lubumbashi, Karatasi Ndiyo Imeadimika

Lubumbashi, mji wetu wa shaba hapa Kongo, imejaa kamera. Jumapili misa ikitoka pale Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, simu huinuliwa kila upande: mtoto na gauni lake jeupe, mjomba aliyekuja kutoka Likasi, kinamama wa kikundi cha sala wamejipanga na kitenge kimoja. Picha zinapigwa, zinatazamwa, watu wanacheka, zinatumwa kwa ndugu walio Kolwezi, imekwisha. Sasa ingia nyumbani kwao, kwenye komine zetu za Katuba, Kenya (si ile nchi) au Ruashi, utazame ukuta wa sebule. Kuna kalenda ya kanisa. Kuna picha ya ndoa ya baba na mama, ya enzi za filamu, kingo zimegeuka manjano. Baada ya hapo ukuta mtupu. Watoto waliozaliwa tangu simu zianze kupiga picha hawamo.

Mimi ni mhasibu katika duka la vifaa vya ujenzi. Kupiga picha ni kitu ninachokipenda, nakifanya jioni na mwisho wa juma, na kwa muda sasa kinaniletea pesa kidogo. Si pesa ya kujengea nyumba. Inalipa karatasi, inalipa nauli, imelipa lenzi, na mwezi ukiwa mzuri inabaki ya kununua mfuko wa unga. Vijana wengi huniuliza inatoka wapi. Wanaona picha zangu za mawingu ya mvua juu ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, limesimama pembeni, wanadhani ndizo zinazonunuliwa. Hizo sijauza hata moja. Pesa yangu yote inatoka kwenye karatasi, na mnunuzi ni yule yule aliye ndani ya picha. Nataka nilieleze jambo hili kwa urefu, maana naamini hapo pana kazi ya kutosha watu wengi, na pana pia deni la zamani ambalo wapiga picha tunadaiwa na mji huu.

Anayetaka kuelewa thamani ya karatasi aende kwenye kilio. Mtu anafariki, viti vya plastiki vinapangwa chini ya turubai, na kabla giza halijaingia mmoja wa familia anatumwa kutafuta picha ya marehemu: ya kuweka mezani karibu na mshumaa, ya kubebwa mbele ya jeneza. Hapo simu zinaanza kupita mkono kwa mkono. Marehemu alikuwa na simu yake, ila imefungwa kwa namba ya siri aliyoijua yeye peke yake. Mtoto wa kwanza alikuwa na picha nyingi, ila simu ile iliibiwa sokoni. Mwishowe inapatikana moja, shemeji aliituma kwa WhatsApp mwaka juzi: baba amesimama nyuma ya watu kwenye harusi, bega la mtu limemficha nusu ya kidevu. Wanaikimbiza labo, duka la kusafishia picha, ikuzwe.

Labo inafanya inachoweza, lakini hesabu haibembelezwi. Karatasi ya sentimita 20 kwa 30 ili isafishwe vizuri inahitaji pikseli kama 2400 kwa 3600. Picha ikipita WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, upande wake mrefu ukabaki na pikseli 1600 hivi, na hiyo ni picha nzima, pamoja na meza, keki na maua. Uso wa baba ulio kule nyuma umebaki na sehemu ndogo sana ya pikseli hizo. Ukiuvuta ujaze karatasi, macho yanakuwa madoa mawili na mdomo unakuwa mstari. Nilikuwapo siku mjane alipoletewa picha ya namna hiyo. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye mwanga wa taa, akaisogeza mbali. «Huyu haina bwana yangu,» akasema, na hakukubali iwekwe mezani. Mshumaa ukawashwa peke yake.

Ndiyo maana kazi yangu ya kwanza ni wazee, wangali wazima, wamekaa kwenye kiti chao, wamevaa nguo wanayoipenda wao. Simsubiri mtu aniite. Natembea katika kartie yetu, yaani mtaa wetu, naingia nyumba ninazofahamika, nasalimu, naeleza: nitapiga, nitasafisha hapa hapa, mtaitazama, atakayeipenda atanunua, asiyeipenda hadaiwi. Wazee hawakatai mara nyingi. Wanaokataa kwanza ni watoto wao wakubwa, ambao husema picha za simu zinatosha, kisha baada ya kuona karatasi mkononi mwa mama yao, ndio wanaoagiza nakala nyingi zaidi.

Niieleze printa yenyewe, kwa sababu nusu ya biashara iko pale. Ni ile ndogo ya Canon Selphy, inaingia kwenye mkoba mmoja na kamera. Haina wino wa maji. Ndani yake kuna utepe wenye rangi, na joto ndilo linaloihamisha rangi kutoka kwenye utepe kwenda kwenye karatasi. Karatasi ya 10 kwa 15 inapita mara nne. Mara ya kwanza inachungulia nje ikiwa na manjano tu, huoni mtu, unaona kivuli cha manjano ambapo mtu angekuwa. Inarudi ndani. Inatoka na waridi juu ya manjano, na sasa pua ipo, mikunjo ya kitambaa cha kichwa ipo, lakini rangi ni ya mtu aliyeketi karibu na moto wa makaa. Inarudi tena, inapokea buluu, na papo hapo ngozi inakuwa ngozi, kitenge kinakuwa kitenge. Mara ya nne inapakwa utando usioonekana, unaozuia maji na alama za vidole. Yote hayo hayafikishi dakika moja, na hakuna aliyekuwa ndani ya uwanja ambaye hajasogea kutazama.

Kuna bibi mmoja wa Katuba niliyempiga chini ya kibaraza cha nyumba yake. Karatasi ilipotoka na waridi, wajukuu walipiga kelele. Ilipotoka mara ya mwisho niliikata kingo, nikampa. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaanzia kwenye paji la uso la picha akashuka hadi shingoni.

«Iko miye?»

«Njo weye, kambo,» nikamjibu, yaani ndiye wewe, bibi.

Akaitazama tena. «Iko bei gani?» Nikamwambia. Akafungua fundo la kitenge chake, akahesabu noti, akaongeza zingine. «Unipatie ingine moja. Nitumie mutoto yangu wa Kasumbalesa. Akinikosa, akuwe na miye.»

Sijaona mtandao wowote wa kuuzia picha unaolipa hivyo, na nimeitazama. Wengi huanzia huko, kwa hiyo nitasema kwa kifupi. Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33 ya bei ya picha. Shutterstock huanza na asilimia 15 na kupanda kufikia 40 kadiri unavyouza, kisha kila tarehe 1 Januari inakurudisha ngazi ya chini kabisa. Bei yenyewe ya picha moja mara nyingi ni ya senti. Adobe hairuhusu kutoa pesa kabla hujafikisha dola 25. Na picha ikiwa ya matumizi ya biashara, kila uso unaotambulika unahitaji hati ya ridhaa iliyowekwa sahihi na mwenye uso. Mama anayeuza mboga ya lengalenga soko la Kenya amwekee sahihi nani, karatasi ya lugha asiyoisoma, ili uso wake utumike asikojua, naye asipate hata franka? Kama una picha za mimea, za mawe ya malakaiti, za barabara tupu, jaribu, hazidhuru mtu. Mimi nimeamua nguvu zangu ziende kwenye uwanja wa jirani.

Sasa hesabu, ambayo kwangu ndiyo raha. Pakiti ya printa hii ina karatasi 108 na katriji tatu za utepe, kila moja ya karatasi 36. Utepe na karatasi vimepangwa viishe pamoja. Hii ina maana gharama ya picha moja inajulikana kabla hujatoka nyumbani: gawa bei ya pakiti kwa 108, umemaliza. Ina maana pia kwamba ukisafisha picha mbaya, umetupa karatasi na utepe wake. Kwa hiyo mteja anachagua kwenye kioo cha kamera kwanza, ndipo nabonyeza.

Bei yangu ni mara tatu ya gharama ya karatasi. Theluthi ya kwanza inarudisha karatasi ile ile. Theluthi ya pili ni ya vyombo: betri, kadi, printa itakayochoka siku moja, kamera ambayo nayo ina umri. Theluthi ya tatu ni yangu. Nimeona vijana wenye vipaji vikubwa wakila theluthi zote tatu, kisha pakiti inaisha na hakuna ya kununulia nyingine, kamera inawekwa kabatini. Pesa ya picha ninaiweka kwenye laini tofauti ya simu, namba ambayo hakuna anayenitumia pesa nyingine. Mshahara hauingii huko na pesa ya huko haiingii sokoni kabla ya tarehe 30 ninapofunga daftari.

Jambo moja la mji wetu linawachanganya wengi: pakiti inanunuliwa kwa dola, mteja analipa kwa franka. Pakiti zinafika kwa wasafiri au kwa mizigo inayopita mpaka wa Kasumbalesa, na muuzaji hataki kusikia habari ya franka. Franka ikishuka na wewe ukaacha bei ile ile kwa kuona haya, unauza karatasi kwa hasara huku unatabasamu. Mimi hutangaza bei mpya mwanzoni mwa mwezi, na siibadilishi katikati hata kiwango kikiyumba. Watu wanaheshimu bei inayokaa. Kwa sasa 10 kwa 15 ni franka 3,000, nakala ya pili ya picha ile ile inapungua kidogo kwa kuwa kazi ya kupiga imekwisha kufanyika. Kulipa ni kabla karatasi haijaingia kwenye printa. Picha ya mkopo ni kazi ya miguu: utaibeba wiki nzima, utamkuta mwenyewe hayupo, na picha ya mtu haiuziki kwa mwingine.

Betri ya printa inanunuliwa peke yake, usiisahau. Chaji moja inatosha karibu nusu ya pakiti. Umeme ukikatika kartie nzima, mpiga picha mwenye betri iliyojaa ndiye pekee anayefanya kazi jioni ile, na watu wako nje kwenye vibaraza maana televisheni imezimika.

Kuhusu mwanga nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo mtu anapoonyesha kama anawaheshimu anaowapiga. Kamera hupima mwanga ikidhani dunia yote ni kijivu cha katikati. Mbele ya bibi arusi mwenye ngozi nyeusi na gauni jeupe, gauni linaidanganya: inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unazama. Hapo watu husema, «picha imemfanya mweusi,» na bibi arusi anaona haya juu ya ngozi yake siku ya ndoa yake. Kosa si la ngozi. Pima shavu, acha gauni liende litakakokwenda. Shavu likiwa sahihi, hakuna mama atakayelalamikia pindo la gauni.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi labo za Kodak zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi ya mwanamke mzungu, kadi zilizoitwa Shirley kwa jina la mmoja wa wanamitindo wa kwanza. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa. Filamu zenyewe zilitungwa kwa ngozi nyeupe, na watu weusi walitoka bila macho wala mashavu, meno tu. Moja ya sababu zilizoisukuma Kodak kurekebisha ni malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao za kahawia zilitoka vibaya kwenye matangazo. Zile picha za wazee wetu ambazo uso ni kivuli, haikuwa lazima ziwe hivyo. Leo kamera ndogo ya mtumba inaweza kutoa ngozi ya mtu wa Katanga na rangi zake zote, wekundu wa masikioni, ng'ao ya paji la uso, na mpiga picha asiyejishughulisha kuzitoa hana wa kumsingizia.

Lubumbashi inatusaidia. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Septemba, hewa ina vumbi na moshi wa nyasi zinazochomwa, na jua la alasiri linapita humo likiwa laini. Barabara zetu za udongo mwekundu zinarudisha mwanga kutoka chini: mweke mtu ukingoni mwa kibaraza, yeye akiwa kivulini na barabara mbele yake ikiwa juani, uone jinsi wekundu ule unavyopanda hadi chini ya kidevu na kujaza matundu ya macho. Hiyo ni studio ya bure, iko kila avenyu. Chini ya mwembe usimweke mtu mchana, majani yatamwaga madoa ya jua usoni. Oktoba maua ya jakaranda yanapofunguka barabara za mjini zinageuka zambarau, na maharusi wote wanataka kusimama pale. Wapeleke mapema, kabla jua halijakaa utosini.

Lenzi yangu ni ya milimita 50, tundu lake linafunguka hadi 1.8, ni mojawapo ya lenzi za bei nafuu, na kamera ni Canon 600D iliyotumika, ya mwaka 2011. Sina haja ya kusema zaidi juu ya vyombo.

Kuna swali nililojiuliza kabla sijapokea noti ya kwanza, na bado najiuliza: namnyang'anya nani? Mji huu una wapiga picha ambao kamera ndiyo bukari yao, ugali wao wa kila siku. Wanasimama mbele ya ofisi ya komine siku za ndoa za serikali, mbele ya makanisa siku za komunyo, mbele ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi siku za kutunuku shahada, na tarehe 8 Machi wanakimbia pembeni ya maandamano ya kinamama tangu alfajiri. Wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Mimi nina mshahara. Nikifika pale na bei ya chini kwa kuwa chakula changu kinatoka kwingine, nitakuwa nimempokonya mwenzangu mezani. Nilimwendea mkubwa wao mmoja, mtu wa makamo aliyeanza na filamu, nikamweleza ninachofanya. Akanisikiliza, akauliza bei yangu, akaridhika kwamba siko chini yake. Kisha akanipa mpaka ambao nimeushika: milango ya komine na makanisa ni yao, majumbani niende.

Na majumbani kuna kazi ambazo wao hawazifikii, hasa kwa kuwa mimi ni mwanamke. Chumba anamovalishwa bibi arusi, shangazi zake wakimpaka mafuta. Mzazi aliyetoka hospitali na kichanga, bado amejilaza. Kinamama wakijifunga vitenge vya 8 Machi nyumbani kabla ya kutoka, mmoja akimshikia mwenzake pini mdomoni. Nikialikwa harusi kubwa ninayojua imezidi nguvu zangu, namtumia yeye mkubwa kazi hiyo, naye akipata familia inayotaka mzee wao apigwe nyumbani, ananitumia mimi.

Mipaka mingine ni ya sheria. Uwanja wa ndege wa Luano, kambi za jeshi, ofisi za serikali: huko kamera haitolewi mkobani, na kibali cha maandishi kinaokoa maneno mengi. Watoto sipigi bila mzazi kusimama pale. Watoto waliobeba mifuko ya mawe ya madini sipigi kabisa ili niuze, hata nikiambiwa kuna wageni wanaozitafuta. Upande wa haki yako wewe mpiga picha, tuna Sheria-Amri namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inayolinda kazi za watunzi, na picha zimo. Duka moja mjini lilichukua picha yangu ya bibi arusi likaiweka kwenye bango lao bila kuniuliza mimi wala yeye. Nilikwenda na faili la asili kwenye kadi, nikaongea na mwenye duka kwa heshima, nikamtajia sheria. Alilipa, na nusu nikampelekea bibi arusi, maana sura ni yake. Weka mafaili ya asili. Ndiyo hati yako ya shamba.

Nilisema kuna deni. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na ambayo mji huu ulikua ukiizunguka, ilipiga picha nyingi sana za wafanyakazi wake. Wamepangwa mstari, wamesimama mbele ya tanuru, wanatazama kamera. Picha hizo zikabaki kwenye makabati ya kampuni. Sammy Baloji, mpiga picha aliyezaliwa hapa Lubumbashi mwaka 1978, alizichukua picha za kumbukumbu za namna hiyo, akawatoa wale watu na kuwasimamisha upya mbele ya viwanda vilivyobomoka vya leo, na dunia ikazitazama. Mwaka 2008 yeye na wenzake wakaanzisha Rencontres Picha, ambayo ndiyo Biennale yetu ya Lubumbashi, maonyesho ya sanaa ya kila miaka miwili. Kila nikiwatazama wale wafanyakazi, nafikiria nyumba zao. Walipigwa, picha zikaenda ofisini, wake zao wakabaki bila kitu cha kutundika ukutani. Wajukuu wao wako Katuba na Kenya, wananunua unga kwenye foleni moja na mimi, na hawana uso wa babu yao. Karatasi ninayomkabidhi aliyemo ndani yake, papo hapo, bado ina joto la printa, kwangu inajibu jambo lile kuliko maelezo yoyote.

Na kama una hamu ya sanaa, kama unataka mawingu na mabomba na vivuli vyako, usidhani kazi ya majirani itakuua. Samuel Fosso alifungua studio yake Bangui mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Mchana aliwapiga wateja, picha za pasipoti, picha za harusi. Jioni filamu ikibakiwa na nafasi chache ambazo hazikupata mteja, alijipiga mwenyewe, na nguo za fasheni na miwani mikubwa, ili filamu isiende bure na ili amtumie bibi yake kule Nigeria picha aone kwamba mjukuu yuko salama. Mabaki yale ya filamu ndiyo yaliyomfikisha kwenye maonyesho ya Bamako mwaka 1994, na ndiyo yaliyompa jina. Waliolipia filamu ni wateja wa mchana. Mawingu yangu nami yamelipiwa na kina kambo wa Katuba, na nikirudi nyumbani kabla jua halijazama napita njia ya ule mlima mweusi makusudi.

Siku hizi sehemu nzuri ya mapato inatoka kwa fremu. Kuna seremala wa kartie yetu anayetengeneza vitanda na milango, na vipande vyembamba vya mbao vilivyobaki alikuwa akivitoa kuwa kuni. Tulikaa, tukapiga hesabu pamoja kwenye daftari langu. Mimi naleta picha ya 20 kwa 30 iliyosafishwa labo, yeye anatengeneza fremu na kukata kioo, mteja analipa bei moja, tunagawana kila mmoja baada ya kutoa gharama zake. Nilipompiga yeye mwenyewe akiwa benchini, vumbi la mbao kwenye nyusi, nilitaka nimpe bure. Alikataa. Alisema mteja ni mteja, akanihesabia pesa kamili mbele ya vijana wake, kisha akajitundikia picha juu ya mlango wa karakana, na sasa wanaokuja kuagiza kitanda huondoka wameagiza na picha.

Mwezi huu tunajaribu 30 kwa 40. Kwa karatasi hiyo hesabu inataka pikseli kama 3540 kwa 4720. Kamera yangu inatoa 5184 kwa 3456, kwa hiyo upande mfupi umepungukiwa kidogo sana, hakuna jicho litakaloona ukutani. Shida iliyobaki ni kioo: kinapasuka juu ya pikipiki kwenye barabara ya mashimo. Seremala anataka tujaribu kufunga pembe kwa vipande vya mpira wa tairi, na oda ya kwanza, familia ya watu kumi na mmoja na bibi yao katikati, inakwenda Ruashi Jumamosi.